Nyuma ya Kitambaa

Ba Jamna, bibi kizee wa Kihindi, hakuwa mtu wa kupiga. Alichoma. Ukikosea mshono, alikuomba mkono wako kwa upole, kama mtu anayetaka kukusomea bahati, akaugeuza, akatafuta kwa kugusa ile nyama laini iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha akaingiza sindano. Haikuingia sana. Iliingia kiasi cha kukukumbusha. Halafu alitamka neno moja la Kizulu, mojawapo ya machache aliyoyaokota katika miaka sitini ya kuishi Durban: "Qaqa." Yaani fumua.

Spès alichomwa miaka mitatu. Mwanzoni alilia. Baadaye akawa anautoa mkono mwenyewe kabla hajaombwa.

Kazi yao ilikuwa Overport, mtaa mmoja wa Durban, juu ya duka la nguo la Hansa, mke wa mtoto wa Ba. Chini ziliuzwa sari na vitambaa vya jora. Juu kulikuwa na chumba kimoja, dirisha lake likitazama ukuta wa jirani, na humo ndimo ilimofanywa kazi iliyowaleta wanawake hata kutoka Johannesburg: kutarizi kwa mkono, kwa mishono ya Kutch, huko India alikozaliwa Ba na kuondoka akiwa bibi harusi wa miaka kumi na sita. Kulikuwa na mshono wa mnyororo. Kulikuwa na ule wa mfupa wa samaki, na ule wa kivuli, unaoshonwa kwa nyuma ili rangi yake ionekane mbele kama kitu kilichozama majini. Zaidi ya yote kulikuwa na vioo, vipande vya ukubwa wa ukucha, visivyotobolewa wala kutiwa gundi, vinavyokamatwa kwenye nguo kwa nyuzi nne zilizopishana na kuzungushiwa pete ya hariri. Watu walisema kioo alichokishona Ba Jamna hakidondoki mpaka nguo yenyewe ioze.

Jambo ambalo watu hawakulijua ni kwamba Ba alikuwa haoni. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunga macho yote mawili, naye alishaapa kwamba hakuna daktari atakayemsogezea kisu usoni. Kila kilichotoka chumbani mle kwa jina lake kilikuwa kimetoka mikononi mwa Spès. Mteja akianza kupanda ngazi, Hansa alikohoa mara mbili huko chini. Spès akaiweka nguo mapajani mwa bibi kizee, akampa sindano, akashika ufagio. Mteja alipoingia alimkuta Ba ameinama, sindano ikichoma hewa nusu inchi juu ya kitambaa, na pembeni mwanamke mweusi anafagia sakafu isiyo na hata uchafu wa kufagia.

"Tazama mikono ile," mteja alisema kwa kunong'ona, kama yumo hekaluni. "Umri wote ule!"

Spès alifagia.

Alikuwa Mrundi, mzaliwa wa Buyenzi mjini Bujumbura, na masista ndio waliomfundisha kutarizi vitambaa vya meza alipokuwa binti. Mume wake alitoka asubuhi moja ya mwaka tisini na nne kwenda kazini, hakurudi, na hakuna aliyemletea hata kiatu chake. Spès aliteremka kupitia Kigoma, akakaa Tanzania kidogo, akapita Malawi na Msumbiji, akatokea Durban na begi moja. Hansa alimwajiri kufanya usafi. Siku moja alishona pindo la pazia lililochanika, na Ba, akipapasa ukuta kuelekea kiti chake, akalishika lile pazia, akaligeuza upande wa nyuma, akauliza: "Nani?"

"Nyuma ndiko kuliko na ukweli," alimwambia baadaye. "Mbele kila mtu anajua kudanganya."

Katika miaka hiyo mitatu hakumwambia hata siku moja kwamba kazi yake ni nzuri. Alipoacha kumchoma, Spès alichukua hiyo kuwa ndiyo sifa. Kitu kimoja tu alikuwa akikiomba kwa Hansa, tena kila mwaka: barua. Barua ya mwajiri, yenye muhuri wa duka, inayosema kwamba huyu ni fundi wetu wa kutarizi na tunamhitaji, aipeleke kwenye ofisi ya vibali apate karatasi ya kueleweka badala ya ile ya kugongewa muhuri kila baada ya miezi mitatu. Hansa alimjibu vilevile kila mwaka. "Nikuandike fundi? Fundi ni Ba. Wateja wakisikia je?"

Basi mwanzoni mwa mwaka tisini na nane akaja Annick.

Annick alikuwa wifi yake, mdogo wa mwisho wa yule mume aliyepotea. Spès alimwacha Bujumbura akiwa mtoto wa sare za shule. Sasa alikuwa msichana wa miaka ishirini, mwembamba, mwenye mwanya na macho ya kaka yake, amesimama mlangoni kwao Cato Manor na mfuko wa plastiki. Spès alimkumbatia mpaka wote wawili wakapiga magoti. Chumba kile Spès alikipanga pamoja na Mireille, Mkongomani aliyesuka nywele katika saluni ya mjini. Mireille alisogeza godoro lake bila kuulizwa.

"Karibu, petite, mdogo wetu," alisema. "Hapa iko kidogo, lakini tutaenea."

Ni Spès mwenyewe aliyempeleka Annick Overport. Ukweli huu hauna budi kusemwa, kwa sababu baadaye alijaribu kujisahaulisha. Alimwombea kwa Hansa kazi ya kutia uzi kwenye sindano na kukata bitana. Na ni Spès aliyemfundisha, saa za chakula, juu ya kipande cha kanga chakavu: mnyororo, mfupa wa samaki, kisha kioo. "Nyuzi nne. Ya kwanza ilale, ya pili ilale, ya tatu ipite juu chini, ya nne vivyo hivyo. Usizikaze zote sawa, kioo kitapasuka. Usizilegeze, kitacheza." Hakumchoma hata mara moja. Aliona fahari juu ya hilo.

Annick alishika haraka kama moto kwenye nyasi kavu. Baada ya wiki sita Spès alimpa kona moja ya shela ashone, ili apumzishe mgongo, na jioni Ba akaidai ile shela aipime. Alipitisha vidole nyuma yake, pole pole, kama anayesoma. Alipofika kwenye ile kona vidole vikasimama. Vikarudi. Vikapita tena.

Spès alianza kunyoosha mkono wake achomwe kwa niaba ya mtoto wa watu.

"Hii si yako," Ba akasema.

"Ni ya wifi yangu, Ba. Anajifunza. Nitaifumua."

"Ukiigusa nitakukata vidole." Bibi kizee aligeuza uso wake kuelekea kule alikosikia Annick akipumua. "Njoo hapa, wewe. Nipe mkono."

Annick akaupeleka. Ba aliushika kwa mikono yake yote miwili, akavipapasa vidole kimoja kimoja hadi kwenye kucha, kisha akauinua akaugusisha kwenye paji la uso wake.

"Miaka sitini," alisema. "Miaka sitini nimeungoja mkono huu, na ukaja kwa hawa wageni."

Kuna watu wivu huwaingia kama homa, unapanda na kushuka. Spès ulimwingia kama mwiba wa samaki kooni: hautoki, haushuki, na kila ukimeza mate unaukuta palepale. Waswahili huuita kijiba cha roho. Alitabasamu. Alimpongeza wifi yake ndani ya teksi, yaani daladala za kule, na walipofika nyumbani alimsimulia Mireille habari yote kwa kicheko.

"Ni wewe ulinifundisha, wifi," Annick alisema, akimwegemea begani. "Bila wewe mimi ni nani?"

Maneno hayo ndiyo yaliyomkaa vibaya kuliko yote.

Kuanzia siku ile kiti cha karibu na dirisha kikawa cha Annick. Spès alishushwa kwenye mapindo na bitana. Mteja akipanda, ni Spès yuleyule aliyeshika ufagio, na Annick alijificha nyuma ya pazia na kazi yake, kwa sababu Ba hakutaka aache hata mshono mmoja. Ba alimwimbia. Alimsimulia habari za mama yake aliyemfundisha kwa kumchapa henzirani. Alimlisha vitamutamu vya maziwa kwa mkono wake. Spès, aliyekaa miaka mitatu kwenye chumba kile, hakuwahi kujua kwamba bibi yule anaweza kuimba.

Mwezi wa saba ikaja oda ya Nimisha, binti wa sonara mmoja. Alitaka sketi ya kuchezea garba, ile ngoma ya duara inayochezwa kabla ya harusi: nyekundu, pana kama mwavuli, yenye vioo mia tatu na kumi na viwili. Ba aliwagawia kazi. "Mbele yote ni ya mdogo. Mkubwa atashika vioo vya pindo."

Wiki tatu walishona. Nayo ilikuwa kazi ya kutazamwa, hata Spès hakuweza kujinyima kuiona. Vioo vya Annick vilikaa kwenye hariri kama umande, kila kimoja kimeinamishwa kidogo tofauti na jirani yake, kiasi kwamba ukiitikisa sketi mwanga ulikimbia kutoka kiunoni hadi miguuni. Spès hakumfundisha hilo. Hakuna aliyemfundisha.

Alhamisi, siku mbili kabla ya ngoma, Hansa alipanda juu na karatasi mkononi.

"Annick, jina lako la ukoo linaandikwaje?" aliuliza. "Ba amenisumbua wiki nzima. Anataka nikuandikie barua ya kibali. Anasema ukikamatwa barabarani atakufa."

Spès aliinua kichwa. "Na mimi, Madam?"

"Eish, Spès. Barua moja watanielewa. Barua mbili wataniuliza nina kiwanda cha wakimbizi?" Akacheka kidogo, bila ubaya wowote, kama mtu aliyesema jambo lililo wazi. "Wewe umeshazoea. Jumatatu nitaipiga taipu."

Annick alimtazama wifi yake. "Madam, mwandikie yeye kwanza. Mimi nitangoja."

"Sikuombwa nimwandikie yeye," Hansa akajibu, akashuka.

Siku ya pili yake, Ijumaa, saa saba mchana, Ba alisinzia kitini baada ya kula, mdomo wazi. Annick alikuwa ametumwa kununua uzi mwekundu wa kumalizia mkanda. Sketi ilitandazwa mezani, bitana ya mbele, aliyoianza Annick, bado haijashonwa upande mmoja. Spès aliigeuza.

Nyuma kulikuwa safi kuliko mbele za watu wengine. Aliutafuta ule uzi wa nne wa kioo cha kwanza, akauona, akauingizia ncha ya mkasi mdogo. Mkono ulimtetemeka hata akaogopa kutoboa hariri. Uzi ukakatika bila sauti. Kioo hakikusogea, kwa kuwa pete ya hariri bado ilikishikilia, na mtu asingejua kitu kwa kukitazama. Kingehitaji kutikiswa. Kingehitaji mtu acheze.

Cha pili mkono ulitetemeka kidogo. Cha tano haukutetemeka. Kufikia cha kumi Spès hakuwa tena na hasira wala huruma, alikuwa fundi tu anayefanya kazi yake vizuri, akichagua kimoja hapa, viwili pale, akiacha vingine ili isionekane kama mtu amepanga. Alikata sitini na kitu. Kisha akaishona bitana, na alipokuwa akiishona aliulaza uzi kushoto kidogo, kwa sababu hivyo ndivyo Annick alivyoulaza.

Annick aliporudi na uzi mwekundu, alikuta kazi imekwisha. "Wifi! Umenishonea hata bitana?"

"Ulikuwa umechoka," Spès alisema.

Jumamosi alasiri Hansa aliwachukua wote wawili kwenda ukumbini, wamvalishe Nimisha na kukaa tayari na sindano endapo kamba itafumuka. Walisimama ukutani karibu na mlango wa jikoni. Wageni walikuwa mamia. Ngoma zikaanza pole pole, wanawake wakazunguka taa iliyowekwa katikati, miguu mitupu, wakipiga makofi, na Nimisha yumo ndani ya duara akizunguka katika sketi yake. Vioo viliwaka. Watu wakapiga vigelegele kama pwani. Annick aliushika mkono wa Spès akaubana.

"Ona," alisema. "Ona, wifi."

Ngoma zikaongeza kasi.

Kioo cha kwanza kilipodondoka hakuna aliyekisikia. Cha pili, cha tatu. Mtoto mmoja aliokota kitu sakafuni akamwonyesha mama yake. Kisha Nimisha aligeuka kwa nguvu, sketi ikapanda hadi magotini, na vioo vikaruka kutoka mwilini mwake kama maji kutoka kwa mbwa aliyeloa. Wengine walicheka, wakidhani ni mbwembwe za harusi. Bibi harusi naye hakusimama, kwa sababu hakujua. Alikanyaga. Akakanyaga tena. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake akapiga kelele na kuinua mguu, na hapo ndipo watu wakaona sakafu imepakwa nyayo nyekundu, mviringo mzima, kama mtu aliyechora.

Ngoma zikakatika. Katika ukimya ule mama wa bwana harusi alisema neno moja kwa lugha yao, na ingawa Spès hakuifahamu lugha, alilielewa. Ni neno ambalo kila kabila linalo, la mkosi.

Nimisha alikaa chini, akautazama unyayo wake na kigae cha kioo kilichosimama kisiginoni, na akaanza kulia kwa sauti ya mtoto mdogo.

Hansa alikata ukumbi kama mshale. Hakuuliza. Alimpiga Annick kibao kimoja, cha pili, cha tatu, mbele ya wale mamia. "Umeshona nini? Umenishonea nini, wewe kwerekwere, mgeni wa kuokotwa?" Halafu akamgeukia Spès. "Wewe ndiye mkubwa wake. Niambie. Mbele alishona nani?"

Annick alimtazama wifi yake, shavu limevimba, akingoja.

"Annick," Spès akasema.

"Yote?"

"Yote, Madam."

Annick hakukana. Angekanaje? Ilikuwa kweli. Alijitupa magotini katikati ya duara, akaanza kuviokota vioo kwa mikono mitupu, akivikusanya kwenye gauni lake, akisema samahani kwa Kirundi, kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, kwa kila lugha isipokuwa ile iliyohitajiwa. Spès naye akapiga magoti akaokota pamoja naye. Watu walimwona akiokota. Mmoja alisema, huyu mkubwa angalau ana utu.

Shangazi wa bwana harusi, ambaye hakuwa akicheza na hakuwa amevua viatu, alipita kumwendea Nimisha. Nafasi ya kupita ilikuwepo. Alikanyaga mkono wa Annick, ule wa kulia, uliokuwa juu ya vigae, akasimama hapo kidogo na uzito wake wote, kama mtu anayezima sigara. Kisha akaendelea na safari.

Ukano wa kidole cha shahada ulikatwa. Daktari aliyemshona alimwambia kidole kitabaki, ila hakitapinda tena.

Jumatatu Spès alienda kazini peke yake. Alimkuta Ba amekaa na ile sketi mapajani, imeletwa kwa fujo, bitana imechanwa. Hansa alikuwa chini, akipigiwa simu moja baada ya nyingine, akiapa kwamba ni sketi ile moja tu ambayo Ba alimwachia mwanafunzi. Barua ilikuwa bado juu ya mashine ya taipu, jina limeandikwa nusu.

"Funga mlango," Ba alisema.

Akafunga.

Vidole vya bibi kizee vilikuwa vikitembea nyuma ya kitambaa. Vilisimama, vikaendelea, vikasimama. "Uzi uliolegea huwa na mkia," alisema. "Uzi uliochoka huwa na nywele kwenye ncha. Huu hauna mkia wala nywele. Huu umekatwa na ule mkasi wangu mdogo, wenye ncha iliyopinda kushoto." Akafika mwisho wa kitambaa. "Sitini na saba. Nimehesabu mara mbili."

Spès alingoja Ba apige kelele, amwite Hansa, awaite polisi. Tena palikuwa na kitu ndani yake kilichotamani iwe hivyo.

"Hutasema, Ba?" aliuliza mwishowe.

"Nimwambie nani? Kidole kitapona?" Ba aliikunja sketi. Uso wake haukuwa na hasira. "Yule mtoto angeniacha. Barua mkononi, na mkono kama ule? Mwaka mmoja tu, angekuwa na duka lake. Nilijua. Nilikuwa nimekubali. Wewe umenitolea uamuzi." Alinyoosha kidole kuelekea kiti cha dirishani. "Kaa. Wewe hutakwenda popote sasa. Ukiomba barua nitamweleza Hansa ulichofanya. Ukiacha kazi nitamweleza. Ukiugua nitamweleza. Utashona mpaka nife, na uombe nisife, kwa maana sijui nitaropoka nini kitandani."

Akamtupia sketi.

"Vimebaki vioo vyake mia na themanini hivi, vimeshika vizuri. Vitoe vyote. Sitaki mkono wake ubaki ndani ya nyumba hii, nitaulilia."

Spès alivitoa. Ilimchukua siku nne, kwa jinsi vilivyoshonwa kwa uimara.

Nyumbani Annick alilala akitazama ukuta, mkono umefungwa bandeji, akiuliza swali moja tu. Nilikosea wapi? Nilikaza sana? Nililegeza? Aliuliza wakati wa chai, aliuliza wakati wa sala. Usiku alitaja uzi wa tatu na wa nne ndotoni. Spès alistahimili wiki mbili. Ya tatu alimwambia atafute pengine pa kukaa.

"Umenitia aibu kazini," alimwambia bila kumtazama. "Madam akijua bado nakulisha, nami atanifukuza."

Mireille aliacha kitana hewani. "Dada Spès! Mutoto wa watu ataenda wapi? Iko na nani hapa, isipokuwa wewe?"

"Kuna Warundi Isipingo."

"Ni damu ya bwana yako, huyu."

"Bwana yangu alikufa," Spès alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka.

Annick alikusanya vitu vyake kwa mkono mmoja. Mlangoni aliinama akamshukuru wifi yake kwa yote. Mireille alimsindikiza hadi barabarani, na aliporudi alilivuta godoro lake mpaka ukuta wa pili. Tangu siku hiyo alimwamkia Spès kama anavyoamkiwa mpangaji.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tatu, Hansa alimtuma Spès Isipingo kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa na zari, ule uzi wa dhahabu, ya zamani ya kuuza. Alipomaliza akatembea hadi kwenye stendi ya teksi, katikati ya makelele ya wauza mahindi na wapiga debe. Hakumwona. Yeye ndiye aliyeonwa.

"Wifi! Wifi Spès!"

Annick alikuwa amekaa juu ya kreti, mbele yake karatasi ya boksi iliyopangwa kamba za viatu na vibanio vya nywele. Alikuwa amekonda, ngozi imeungua na jua. Alisimama akamkumbatia kwa furaha isiyo na doa, akampa kreti akae, naye akachutama.

"Nilijua Mungu atakuleta," alisema. "Nilitaka kuja, nikaona haya. Ba hajambo? Bado ananichukia?"

"Hajambo."

"Wifi, sina shida yoyote. Kitu kimoja tu nataka uniambie, nami sitakusumbua tena." Alitoa mfukoni kipande cha kanga, na sindano iliyochomwa pembeni. Juu yake palikuwa na vioo vitatu, vilivyoshonwa kwa mkono wa kushoto, vibaya, kama kazi ya mtoto. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilisimama wima peke yake muda wote, kama kinamwonyesha mtu aliye mbali. "Nimejaribu kila namna. Nakaza, nalegeza, nazungusha, natikisa siku nzima. Havidondoki! Hata hivi vibaya, havidondoki. Sasa vile vilidondoka kwa nini? Wewe uliniona nikishona. Nilikosea wapi?"

Spès alikishika kile kitambaa. Alikigeuza. Pembeni kondakta aliita abiria wa mjini, nafasi mbili, nafasi mbili. Angeweza kusema. Neno lilikuwepo, lilikuwa fupi, na msichana yule alikuwa mtu wa kusamehe, Spès alilijua hilo vizuri. Na hicho ndicho kilichomfunga mdomo. Kuchomwa aliweza. Kusamehewa na huyu hakuweza.

"Hapa," alisema, na kuweka ukucha juu ya uzi. "Huu wa nne. Unaanza vizuri, halafu mwishoni unauachia. Ulikuwa na tabia hiyo tangu mwanzo. Nilikuonya."

"Ulinionya?"

"Mara nyingi."

Annick aliutazama ule uzi muda mrefu. Kisha akashusha pumzi, na uso wake wote ukalegea, kama wa mtu aliyeambiwa jina la ugonjwa wake.

"Kumbe ni mimi," alisema. "Afadhali. Nilianza kuwawazia watu mabaya, wifi. Hata wewe. Mungu anisamehe."

Alimlazimisha achukue vibanio viwili vya nywele. Spès alivichukua, akaingia kwenye teksi, akakaa dirishani na kutazama mbele. Teksi ilitoka ikasimama kwenye robot, taa ya barabarani, iliyokuwa nyekundu. Akasikia mtu anagonga kioo. Annick alikuwa amekimbia hadi hapo, akihema, kitambaa mkononi.

"Nimesahau kukuuliza! Ule wa nne, mwisho wake, niuvute kulia au kushoto?"

Abiria wote waligeuka kumtazama Spès, wakingoja naye.

"Kushoto," Spès alisema.

"Kushoto," Annick alirudia, akitikisa kichwa kwa shukrani, na bado alikuwa akilirudia robot ilipogeuka kijani.